Jiwe Hili ni Nani?

Kama uko njiani kutoka Rongo kuelekea Homa Bay, au umeketi hapa Asumbi ukingoja gari lijae, mwombe dereva aongeze sauti kidogo. Leo nina habari ya kichwa cha jiwe.

Mwezi wa Agosti mwaka 2018, mwanamke mmoja wa Marekani, Laura Young, aliingia katika duka la mitumba la Goodwill mjini Austin, jimbo la Texas. Kazi yake ni kuuza vitu vya kale, kwa hiyo huzunguka katika maduka ya namna hiyo akitafuta kitu ambacho wenye duka hawakujua thamani yake. Siku hiyo alikuta sakafuni, chini ya meza, kichwa cha mwanamume kilichochongwa kwa marumaru nyeupe. Shavuni kilikuwa na kibandiko cha bei: dola 34 na senti 99. Uzani wake ulikuwa kama kilo 23. Mama akalipa, kikabebwa hadi garini, akakiketisha kwenye kiti cha abiria na kukifunga mkanda.

Sisi tunaosubiri robota lifunguliwe siku ya soko tunaijua furaha hiyo ya kuchomoa kitu cha maana katikati ya rundo. Ila sidhani kama kuna yeyote kati yetu aliyewahi kuchomoa jamaa wa miaka 2,000.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Bi Young alituma picha kwa wataalamu wa nyumba za mnada, nao wakamjibu kwamba jiwe ni la Kirumi, la wakati ule ule ambapo Yesu alizaliwa au mapema kidogo. Umri ukajulikana haraka. Shida ikabaki kwenye swali ambalo hata mtoto wa darasa la pili angeliuliza kwanza: huyu ni nani?

Nyumbani kwake Bi Young alikuwa amekwisha kumpa jina la mzaha, Dennis, kutokana na mhusika wa kipindi cha vichekesho cha televisheni, mtu mwenye majivuno na moyo baridi. Wataalamu nao wakaleta majina yao. Wengine walisema ni Drusus, mwana wa kambo wa Kaisari Augusto, yule Kaisari wa Injili ya Luka aliyetoa amri watu wote waandikwe. Drusus alikuwa jemadari, akafa mwaka 9 Kabla ya Kristo baada ya kuanguka na farasi wake huko Ujerumani. Wengine wakasema hapana, huyu ni mmoja wa wana wa Pompeius, pengine Sextus, ambaye alipigana na Augusto baharini kwa miaka kadhaa, akashindwa, akakamatwa na kuuawa mwaka 35 Kabla ya Kristo.

Tazama umbali uliopo kati ya majibu hayo mawili. Jiwe ni lilelile, pua ileile, mikunjo ileile ya paji la uso. Jibu moja linamweka ndani ya nyumba ya mfalme, jingine linamfanya adui wa nyumba hiyo. Wote waliojibu ni watu waliosoma, na wote walikuwa wamekikodolea macho kichwa hichohicho.

Kwa hiyo wanajuaje? Nataka tuketi hapo kwa muda, kwa sababu mtu wa Asumbi anaijua kazi hii kuliko anavyodhani.

Ingia katika kanisa lolote la Kikatoliki upande wetu huu ambako mapadri wa Mill Hill walifungua misheni. Mwanamume mwenye funguo mkononi ni Petro. Mwenye upanga ni Paulo. Hakuna anayejua sura ya Petro ilikuwaje. Tunamjua kwa funguo. Sasa nikupe mtihani mgumu kidogo. Umeona sanamu ya mwanamume aliyempakata Mtoto Yesu, na ua la yungiyungi liko hapo hapo. Ni nani? Ukijibu haraka kwamba ni Yosefu, huenda umekosa, maana Antoni wa Padua naye humbeba Mtoto na naye hushika yungiyungi. Ni lazima utazame zaidi. Je, ana ndevu za mtu mzima, pengine na kifaa cha useremala kando yake? Huyo ni Yosefu. Je, amevaa kanzu ya kitawa yenye kamba kiunoni, amenyoa utosi, na uso ni wa kijana? Huyo ni Antoni. Masista wetu wa hapa, Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu, wana haki ya kuwadai wote wawili: mmoja kwa jina la shirika, mwingine kwa kamba ya kiunoni.

Warumi walifanya vivyo hivyo kwa miungu yao. Ukikuta ngozi ya simba na rungu, huyo ni Hercules. Kofia yenye mabawa ni ya Mercurius. Minerva huvaa kofia ya vita. Jiwe la mungu huja na vitambulisho vyake.

Mwanadamu ndiye taabu. Mkuu wa Kirumi akitaka sanamu hakuhitaji kushika kitu chochote cha kumtambulisha, kwa sababu jina lake liliandikwa chini, kwenye kitako. Watu wa mji walipita, wakasoma, wakajua. Kisha mji ukaanguka. Kichwa kikavunjika shingoni na kuviringika huku, kitako kikabaki kule, na mtu akaja akakichukua kitako akajengea ukuta. Leo majumba ya makumbusho ya Ulaya yana vitako vyenye majina lakini havina watu, na yana vichwa vya watu visivyo na majina. Kuvikutanisha tena ni bahati ya nadra sana.

Msaada mkubwa ulitoka mfukoni, kwenye sarafu. Sarafu ya Kirumi ina uso na jina pamoja, kwenye kipande kimoja cha chuma ambacho hakivunjiki shingoni. Mtaalamu huchukua sarafu ya Kaisari fulani, akatazama kidevu, pua, shingo, namna nywele zilivyoangukia paji la uso, kisha akatafuta jiwe linalofanana. Bila sarafu tusingekuwa na nusu ya majina tuliyo nayo.

Hapa naomba nitoke nje ya barabara kidogo, kwa sababu Kenya imekwisha kuwafungia mlango wachimbaji wa miaka 2,000 ijayo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 231, inasema noti na sarafu zisibebe picha ya mtu yeyote binafsi. Ndiyo maana sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini. Mchimbaji atakayeipata sarafu ya Kenyatta au ya Moi atasoma uso na jina. Akipata ya leo, ataamini kwamba tulitawaliwa na ndovu. Na mwaka 2019 zilipotoka noti mpya, mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda Mahakama Kuu kuzipinga. Noti zile zilikuwa na jumba la KICC, na mbele ya jumba kuna ile sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta ameketi, kazi ya Mwingereza James Butler ya mwaka 1973. Omtatah alisema hiyo ni picha ya mtu. Serikali ikasema hiyo ni picha ya jengo, na sanamu ni sehemu ya jengo. Mahakama ililikataa ombi lake mwezi wa Septemba mwaka uleule. Mawakili na majaji wa Nairobi walikuwa wakibishana, kwa gharama ya mlipa kodi, juu ya swali lilelile la Bi Young: kitu hiki kinamwonyesha nani? Mimi kwa maoni yangu Omtatah alikuwa na hoja. Mkenya yeyote ukimwonyesha kile kijisanamu kwenye noti hatakuambia ni sehemu ya ukumbi wa mikutano.

Turudi Roma. Baada ya sarafu, silaha ya pili ya wataalamu ni nywele.

Usicheke. Fungua albamu ya nyumbani kwenu, utazame picha za harusi. Huhitaji tarehe nyuma ya picha. Afro kubwa inakupeleka miaka ya sabini, mawimbi ya dawa yanakupeleka ya themanini, na rasta za kushonewa zinakuleta karibu. Wanawake wa Roma walikuwa hivyo hivyo. Livia, mkewe Augusto, alikunja nywele zake fundo juu ya paji la uso, na wanawake wa himaya nzima wakamwiga. Miaka mia moja baadaye mtindo ukawa nywele za mbele kusimamishwa kama ukuta wa vipilipili vilivyosukwa juu ya kichwa. Jiwe la mwanamke asiye na jina linaweza kupewa muongo wake kwa fundo la nywele peke yake. Jina ni jambo jingine, lakini angalau umejua ukatafute wapi.

Kwa wanaume wa nyumba ya mfalme mambo yalikwenda mbali zaidi. Sanamu za Augusto zilizobaki duniani ni zaidi ya 200, na wengi wa waliozichonga hawakumwona kwa macho. Kielelezo kilitengenezwa Roma, nakala za plasta zikasafirishwa mikoani, na fundi wa Uhispania au wa Misri akafuata. Kila fundi alikuwa na mkono wake. Huyu alitoa uso mpana, yule akatoa mwembamba. Kitu ambacho walikiheshimu sana ni mpangilio wa vishungi vya nywele juu ya paji la uso. Kwa Augusto kuna mahali ambapo vishungi viwili vinaachana kama panda ya manati, na pembeni yake vingine vinakutana kama koleo. Wataalamu huvihesabu hivyo, kimoja baada ya kingine. Sanamu yake mashuhuri ya marumaru ilichimbuliwa mwaka 1863 huko Prima Porta, nje ya Roma, kwenye magofu ya nyumba ya Livia. Panda ya nywele ilikuwepo, na juu ya dirii ya kifuani pamechongwa mtu wa Parthia akirudisha bendera za jeshi la Roma, jambo lililotokea mwaka 20 Kabla ya Kristo. Nywele zilisema ni Augusto, dirii ikaunga mkono, na mahali ilipokutwa palikuwa nyumbani kwa mkewe. Hapo hakuna mtu aliyegombana.

Ingekuwa rahisi hivyo kila mara, ningekuaga hapa. Lakini Warumi walikuwa na tabia ya kutumia jiwe lilelile mara mbili.

Nero alipokufa mwaka 68, na Domitianus alipouawa mwaka 96, sura zao hazikutakiwa tena hadharani. Baraza la wazee liliamuru jina la Domitianus lifutwe. Sasa marumaru ni ghali, na kuisafirisha ni ghali zaidi, kwa hiyo mafundi hawakuzitupa sanamu zote. Walipunguza mashavu, wakabadilisha nywele, wakamtoa Nero wakamweka Vespasianus. Wakamtoa Domitianus wakamweka Nerva. Huko Vatikani kuna vibamba vya marumaru vya Cancelleria, na kwenye kimoja uso wa Domitianus umegeuzwa kuwa wa Nerva, mzee wa watu, juu ya mwili wa mtu mwingine.

Ukitaka kuelewa walivyofanya, panda gari uende Tabaka, upande wa Kisii, ukawatazame wachongaji wa mawe ya sabuni. Jiwe lile ni laini, wanalichapa kwa panga na kulichonga kwa kisu, kisha wanalisugua kwa msasa ndani ya maji. Marumaru ni ngumu kuliko hilo, inataka patasi na nyundo na miezi. Lakini sheria ni moja: jiwe hupunguzwa, haliongezwi. Pua ikishakatika imekatika. Kwa hiyo uso uliochongwa upya juu ya uso wa zamani huwa mdogo kuliko ulivyokuwa, na masikio, ambayo ni tabu kuyagusa, mara nyingine hubaki na ukubwa wa mwenye nyumba wa kwanza. Mtaalamu anayetazama kichwa cha Nerva huanza na masikio.

Tena baadaye, kuanzia karne ya 16 hivi, matajiri wa Italia waliokusanya mawe haya hawakupenda kuona mtu bila pua. Wakaajiri mafundi wakazibandika pua mpya, wakaunganisha kichwa cha huyu na kiwiliwili cha yule. Ukikutana na Kaisari mzuri asiye na kovu hata moja, mshuku.

Nikija kwenye kiini cha mazungumzo ya leo: ugonjwa mkubwa wa kazi hii ni tamaa ya jina kubwa. Kichwa cha mwanamume asiyejulikana ni kichwa tu. Kichwa cha Julius Caesar ni habari ya dunia nzima, foleni mlangoni mwa makumbusho, na kama kiko mikononi mwa mfanyabiashara, bei yenye sifuri nyingi.

Mwaka 2007 wazamiaji wakiongozwa na mwanaakiolojia Luc Long walitoa kichwa cha marumaru ndani ya mto Rhône, mjini Arles, kusini mwa Ufaransa. Mwanamume wa makamo, kipara kinaanza, mikunjo mashavuni, uso wa mtu aliyezoea kuamuru. Mei 2008 wizara ya utamaduni ya Ufaransa ikatangaza: huyu ni Julius Caesar, na huenda ndiyo sanamu yake ya zamani kuliko zote, iliyochongwa akiwa hai. Ni yule Caesar ambaye Mwalimu Nyerere alitutafsiria tamthilia ya Shakespeare juu ya kifo chake. Hoja ikawa kwamba Arles ulifanywa mji wa walowezi wa Kirumi na Caesar mwenyewe mwaka 46 Kabla ya Kristo, na alipouawa miaka miwili baadaye, mtu mwenye woga akakitupa kichwa mtoni.

Hadithi tamu. Gazeti lolote lingeinunua. Lakini Paul Zanker, Mjerumani ambaye amezisoma sura za Kirumi maisha yake yote, akasema haoni Caesar pale. Anaona mtu mwenye heshima wa mji wa mkoani wa nyakati hizo. Mary Beard wa Cambridge naye hakushawishika. Sarafu za mwaka 44 Kabla ya Kristo, zilizopigwa Caesar akiwa bado hai, zinaonyesha mtu mkavu, shingo ndefu yenye mikunjo na kikoromeo kilichotokeza. Kichwa cha Tusculum, kilichoko Turin, ambacho wengi wanakikubali kuwa ni cha Caesar, kinafuata sarafu hizo. Kile cha Arles, ukikaza macho kidogo na kutaka sana, utaona kufanana. Usipotaka, hutaona. Na kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau: wakati mtawala ana sura fulani, wakubwa wadogo wa mikoani nao hujichongesha wakiwa na sura hiyo. Tumeona wenyewe nchi hii, waziri anavaa beji ya rais, diwani anavaa kofia ya waziri.

Mimi niko upande wa Zanker. Kama kitako hakipo, sarafu hazikubali waziwazi, na mahali hapasemi kitu, andikeni kwenye kibao "mwanamume wa Kirumi" na mwendelee na kazi. Si aibu. Huyo mwanamume alikuwa na mama yake na jina lake, hana haja ya kuazimwa la Caesar.

Ingawa, nikitenda haki, jina lisilo lake limewahi kumwokoa mtu. Ile sanamu ya shaba ya Marcus Aurelius juu ya farasi, iliyoko Roma, haikuyeyushwa katika Zama za Kati kama nyingine nyingi, kwa sababu watu waliamini ni Constantinus, Kaisari wa kwanza Mkristo. Wakamwacha na farasi wake hadi leo.

Nimesema mahali panasema. Hebu tufuate maji. Mvua inayonyesha kwenye vilima vyetu hapa hushuka mitoni, mito huingia Ziwa letu, na Ziwa hutoka kama Nile. Nenda nayo kaskazini hadi Sudan, kwenye magofu ya Meroe, mji wa wafalme wa Kushi. Yule Kandake wa Matendo ya Mitume sura ya 8, ambaye mtunza hazina wake alibatizwa na Filipo njiani, alikuwa malkia wa nchi hiyo. Mwaka 1910 mwanaakiolojia John Garstang alikuwa akichimba huko. Chini ya ngazi za hekalu dogo alikuta kichwa cha shaba, macho yake ya kioo na mawe yangali yanang'aa. Vishungi vya nywele juu ya paji la uso vilikuwa vinaachana kama panda. Ni Augusto.

Kaisari wa Roma alikuwa akifanya nini Sudan? Warumi waliichukua Misri mwaka 30 Kabla ya Kristo. Miaka michache baadaye jeshi la Kushi likashuka na mto, likavamia ngome za mpakani huko Aswan, na mwandishi wa kale Strabo anasimulia kwamba waliangusha sanamu za Kaisari. Kichwa kimoja wakakipeleka kwao, wakakizika chini ya kizingiti cha hekalu la ushindi. Kila aliyeingia kusali alimkanyaga mtawala wa dunia. Hapo hujui tu kwamba ni Augusto. Unajua watu walimwonaje, na kwa nini alikuwa chini. Kichwa hicho sasa kiko British Museum, London, kwenye kioo, kwa urefu wa macho, mahali ambapo hakuna anayeweza kumkanyaga. Wamemheshimu kuliko Wakushi walivyotaka. Kama Garstang asingeandika kilikuwa chini ya ngazi gani, leo kingekuwa kichwa kizuri cha Augusto kama vile vingine mia mbili.

Na yule wa Texas? Kesi yake ilisukumwa mbele na picha. Mtaalamu mmoja aliitambua sura katika picha za zamani za Kijerumani za miaka ya 1930. Kichwa kilikuwa mjini Aschaffenburg, katika jumba liitwalo Pompejanum, ambalo Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria alilijenga karne ya 19 akiiga nyumba ya Pompeii. Vita vya Pili vya Dunia vikalibomoa sana jumba lile, askari wa Marekani wakakaa mjini kwa miaka mingi, na inaaminika mmoja wao alikipakia kwenye mzigo wake. Pengine kikakaa kwenye nyumba ya watu huko Texas hadi mtu akafa au akahama, na vyombo vikapelekwa kwa mitumba. Bi Young alikubali kukirudisha. Kilionyeshwa kwa muda San Antonio, na mwaka 2023 kikarejea Bavaria. Kwa hiyo swali la nyumbani kwake likajibiwa bila ubishi, na swali la yeye ni nani likabaki na majibu mawili, kwa sababu picha ya Aschaffenburg inaonyesha kilikuwa wapi karne iliyopita, haionyeshi kilitoka kaburi gani au ukumbi gani wa Italia.

Hapa Kenya tuna kesi inayofanana na hiyo kiasi cha kukufanya usimame. Wagiriama wa pwani, mzee wa chama cha Gohu akifa, humchongea kigango: nguzo ya mti mgumu, ndefu, yenye kichwa cha mviringo na mwili uliochorwa pembetatu ndogondogo. Hakifanani na marehemu na hakikusudiwa kufanana. Hakuna jina lililoandikwa. Ukikitazama peke yake, hata Mgiriama hawezi kukuambia ni nani. Lakini pale kilipo, kwenye boma lake, mtoto mdogo anajua: huyu ni babu fulani, na huyu ni nduguye. Na roho yake iko hapo, kigango hakihamishwi.

Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa amesimama na vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vyote viwili vikaibwa. Mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Miaka ikapita. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi wa Afrika huko Marekani, mtafiti mwenzake Linda Giles akaonyesha slaidi za vigango vilivyokuwa katika mkusanyo wa chuo kikuu kimoja cha Illinois. Udvardy akakitambua kimoja. Cha pili kikapatikana kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kwa msaada wa John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, familia ikatafutwa, na mwaka 2007 kile cha Illinois kikarudishwa bomani.

Kilichowezesha yote hayo ni ile picha ya 1985 na mtu aliyesimama ndani yake. Bila hiyo, vile vigango vilikuwa mbao za mapambo, zikiuzwa na kununuliwa kwa urefu na uzuri wa rangi.

Makumbusho mengine ya Marekani yamefuata. Yale ya Denver yalikabidhi vigango 30 mwaka 2014. Ni jambo jema na la heshima. Ila vigango hivyo havina picha ya mzee aliyesimama kando yake. Walioviiba hawakuandika boma, waliovinunua hawakuuliza, na wazee ambao wangeweza kutazama mchoro wa kifuani na kusema "huyu ni wa kwetu" wanapungua kila mwaka. Vimerudishwa kwa Kenya, na ndani ya Kenya havina kwa kwenda. Makumbusho yanaweza kuvihifadhi, yanaweza kuviwekea kibao, lakini tambiko halifanywi kwa kibao. Linahitaji mtoto wa mwenye nyumba, na mtoto huyo anahitaji kuambiwa ni kigango kipi kati ya hivyo thelathini.

Juma lijalo, saa hii hii, nitakuwa na mchongaji kutoka Tabaka hapa studioni. Kama una swali la kumuuliza, litume mapema.